Sahani ya Bwawani

Walimwita Darubini, maana kazini kwake, kwenye maabara ya maji ya mji, alishinda jicho moja limebanwa kwenye darubini na la pili halijui linatazama nini. Mizuka haikumsumbua. Aliyemsumbua ni dada yake.

Tangu mumewe afe maji katika bwawa la nyuma ya nyumba, dada alikuwa akipakua sahani mbili kila mlo. Moja alikula. Ya pili aliimwaga bwawani.

"Shemeji yako hajala," alisema, kana kwamba mume kachelewa tu kazini.

Shemeji alikwishazikwa. Darubini mwenyewe aliishika ile miguu baridi walipomwopoa, na hadi leo alikuwa akinawa mikono kupita kiasi. Alichotaka ni kimoja: dada afunge ile nyumba ahamie kwake, kabla akili haijamtoka kabisa.

Bwawa nalo lilikuwa halitazamiki. Maji mazito, ya kijani, yananuka. Ukizamisha mkono, vidole huvioni. Alfajiri visamaki alivyofuga marehemu vilipanda juu kutweta, na dada alisimama dirishani kuvisikiliza.

"Unasikia? Anahema."

Darubini, aliyekuwa amelala hapo usiku huo, akasikia. Nywele zikamsimama, akajikasirikia.

Siku ya mapumziko akaja na darubini kwapani, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akadondosha tone la maji ya bwawa kwenye kioo. "Njoo uone unamlisha nani."

Dada akainama. Tone zima lilikuwa linachemka viumbe.

"Bakteria hao. Ukimwaga chakula wanazaliana, wanamaliza hewa ya majini, ndiyo maana samaki wanatweta. Wa kuwala wapo, viroboto wa maji, vijidudu visivyouma mtu. Ila visamaki vya shemeji vimewatafuna wote. Sasa chakula tele na mlaji hakuna, wataacha kujaa?"

"Na wakikosa chakula?"

"Wengine wanakufa. Wengine wanajikunyata, wanasubiri. Wengine wanahama."

"Wanahama kwenda wapi?"

"Popote penye chakula, dada." Alijibu huku anafuta kioo, wala hakumtazama usoni. Laiti angemtazama.

Wakapatana. Dada hatamwaga tena chakula. Maji yakitakata, chini kukaonekana na mtu hayupo, atakubali hayupo. Walivua visamaki kwa chandarua kikuukuu, wakavitia kwenye pipa, na Darubini akaleta ndoo ya viroboto kutoka dimbwi la maabara, wanarukaruka kama vumbi kwenye mwanga.

Viroboto walikula bila aibu. Kila alipokuja, Darubini alikuta maji yamepungua uzito, na dada naye amepungua. Kutwa ameshika tama ukingoni, anatazama. Darubini alimhurumia hadi akatamani kumrudishia ule uchafu wake. Akapiga moyo konde.

Hatimaye, mchana mmoja wa jua kali, chini kukaonekana. Kulikuwa na tope laini, kikombe kisicho na mkono, na vijiko vyote vilivyokuwa vikipotea jikoni, vimelala kimya. Hapakuwa na mtu.

"Umeona?" Darubini aliuliza kwa furaha.

"Nimeona. Hayupo." Dada alisema kwa utulivu, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani.

Darubini akabaki akilia kidogo, machozi ya mtu aliyetua mzigo. Kichwani alikuwa ameshampangia chumba, kitanda karibu na dirisha. Kisha akasikia vifuniko vya sufuria vikigongana, akafuata.

Mezani palikuwa na sahani tatu. Ya tatu ilifuka mvuke mbele ya kiti cha shemeji, na kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama kinavyovutwa na mtu anayekaa.

"Dada, tulipatana!"

"Tulipatana hayupo bwawani." Uso wake ulikuwa umenawiri kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Si ulinieleza mwenyewe? Akikosa chakula, anahama. Ameingia siku ile ile nilipoacha kumwaga. Nilikuwa nangoja tu nihakikishe kule hakubaki."

Darubini akaenda kunawa mikono, mara mbili.

"Kaa ule, mdogo wangu, chakula kinapoa."

Akakitazama kiti cha shemeji. Akazunguka meza, akavuta kingine.