Msalaba Chini ya Deo

Haya, sogea nikuulize. Ni kitu gani hicho: ukikiosha asubuhi, saa sita kimerudi, ukikimbia, kinakufuata, na jirani anakijua kuliko weye mwenyewe? Umeshindwa? Sikuombi unipe mji, maana miji ya kwetu wakati ule ilikuwa imeunguzwa. Nakuambia bure: ni harufu ya kwapa.

Hiyo ndiyo iliyomletea Domitille mashaka, pale Uvira, kando ya ziwa, mwaka wa vita. Kwao ni Sange. Mume wake, Jean-Berchmans, alikuwa na duka kando ya barabara kubwa. Siku askari walipofika, alimsukuma Domitille na binti yao Délice ndani ya mashamba ya mpunga, akasema, "Tangulieni, nafunga mlango." Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Sasa mama na mtoto walikuwa wanalala ndani ya darasa la shule, pamoja na wakimbizi wengine. Walikula kile Domitille alichopewa kazini: alikuwa msafishaji katika maternité moja ndogo, nyumba ya kuzalishia, akilipwa unga na maharagwe. Nguo alikuwa nayo moja. Sabuni ilikuwa imepotea mjini kote. Na joto la kule, mjukuu wangu, halina huruma.

Siku moja Niyonzima, mkubwa wa wauguzi, alimvuta pembeni.

"Mama Délice, usikasirike. Wamama wanasema ukiinama kuwapangusa, wanakosa pumzi. Miye nimekutetea hadi nimechoka. Ukirudi hivi Jumatatu, tunaweka mwingine. Tafuta deo, ile ya kupaka kwapa."

Domitille aliona haya hadi masikio yakawaka moto.

Akaenda sokoni kwa Consolate, jirani yake wa zamani wa kule Sange. Consolate alikuwa ametandaza gunia chini: kandambili, betri, vikombe, na deo kadhaa. Domitille akachukua moja, akaigeuza. Chini kulikuwa na msalaba mdogo uliokwaruzwa kwa msumari. Wenye maduka wa Sange walikuwa wanatia alama bidhaa zao, kila mtu yake, ili mwizi akikamatwa asibishe. Msalaba ulikuwa wa Jean-Berchmans.

"Consolate, hii imetoka wapi?"

"Dada, usinichimbe. Askari wanaleta, siye tunauza, watoto wanakula. Utachukua ao hautachukua?"

Domitille akairudisha juu ya gunia taratibu, kama mtu anayelaza kichanga. Akaondoka.

Maana ni yeye aliyekuwa anawakataza wakimbizi wenzake wasinunue vitu vya kuporwa. "Mwenye kununua ndiye anawatuma warudi," alikuwa anasema. Wifi yake Noella, dada wa Jean-Berchmans, alipoleta sufuria ya wizi, Domitille alimnyima salamu. Noella akamwambia, "Sawa, weye pikia mu kiganja!"

Basi akajaribu njia za zamani. Limau? Milimau ilikuwa imekatwa na askari, wakafanya kuni. Aliomba limau moja kwa mtu; likamchoma kwapa, likaacha kidonda. Akapaka jivu, kidonda kikatoa maji. Samli ya kunukia iliyokuwa inashuka kutoka Mulenge, ile mama yake alijipaka siku za arusi, haikushuka tena, kwa kuwa njia ya mlimani ilikuwa ya bunduki tupu. Akaoga ziwani kila alfajiri. Alipofika kazini, jasho lilikuwa limefika naye.

Habari ya deo ya msalaba ikamfikia Noella, akamcheka. "Weye na usafi wako wa roho! Kwani Mungu atakunusa roho? Paka ile deo. Iko mali ya bwana wako."

"Ndiyo maana siwezi. Akirudi akanikuta nanukia mali yake iliyoporwa, nitamwambia nini?"

Noella akaacha kucheka. Akakaa chini.

"Domitille. Kaka yangu hangewaachia ile duka akiwa muzima. Unajua."

Domitille alijua. Alijua tangu alipougusa ule msalaba, lakini hakuna aliyekuwa amelisema jambo hilo kwa mdomo.

Jumapili akapita mbele ya maternité. Mama mmoja kijana alikuwa ameketi kwenye ngazi, kitenge kimenyooka, ananukia maua. Alikuja mapema kuulizia kazi ya kesho. Akamwamkia Domitille kwa heshima, kama mtu anavyomwamkia mgonjwa.

Kule darasani Délice alikuwa anakwangua ukoko wa jana kwa kidole.

Domitille akachukua mfuko wa maharagwe, chakula chao cha juma zima, akarudi sokoni. Akauweka mbele ya Consolate. Deo ilikuwa imebaki moja, ile ya msalaba. Consolate hakuinua uso.

Domitille akasimama pale mpaka watu wakaanza kumpita kwa mabega.

"Nachukua," akasema.