Mikanda Iliyoitwa Mibovu

Mkanda wa tatu ulipotupwa pipani, Mzee Sabuni aliuokota kama alivyoiokota ile miwili ya kwanza, akaufuta vumbi kwa upindo wa shati lake. Hakuwa na nia yoyote. Mpira wake ulikuwa bado unavutika, na mtu aliyefua jezi za vijana wa klabu kwa miaka kumi na sita hatupi kitu kinachovutika.

"Mbovu tena?" aliuliza.

"Mbovu," alijibu Mtaalamu bila kuinua macho kwenye kompyuta yake. "Unasoma mia mbili thelathini, mara arobaini, mara haueleweki. Hakuna binadamu mwenye moyo wa namna hiyo. Mzee, hivi hii mikanda unaichemsha pamoja na viazi?"

Vijana wawili waliokuwa wanafunga kamba za njumu wakaangua kicheko. Mzee Sabuni naye akacheka. Alikuwa na mazoea hayo mabaya, kucheka watu wanapomcheka.

Mikanda hiyo wakubwa walikuwa wameileta msimu huu kwa mbwembwe na kupigwa picha. Mchezaji anaifunga kifuani chini ya jezi, na mapigo ya moyo wake yanaonekana kwenye kompyuta ya Mtaalamu, kijana aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu ya kutazama. Kazi ya Mzee Sabuni, mtunza vifaa wa kituo cha vijana, ilikuwa kuilowanisha kabla ya mazoezi, maana ikiwa mikavu haisomi, kuigawa, kisha kuikusanya na kuifua. Kila mmoja ulikuwa na namba yake iliyoandikwa kwa wino mweusi.

Alirudi kwenye chumba chake cha vifaa, akautundika ule wa tatu msumarini juu ya mashine ya kufulia, karibu na wenzake. Ishirini na mbili. Nne. Tisa. Akaenda kuchomoa soksi kwenye mashine, akarudi, akaitazama tena. Ndipo akakumbuka.

Wachezaji wote walijifunga mikanda yao wenyewe. Wote isipokuwa mmoja. Kiberiti, winga wa kushoto, mfupi, mwepesi, anayewaka ukimgusa, ndiye pekee aliyekuja dirishani kila asubuhi, akainua mikono juu kama mtoto anayevuliwa fulana, na kusema, "Nifunge, baba."

Na kweli alikuwa baba yake. Ile mikanda mitatu, yote mitatu, Mzee Sabuni aliifunga kwa mikono yake kwenye kifua kimoja.

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mashine ilikuwa inazungusha maji na chumba chote kikitetemeka.

Mama yake Kiberiti alikuwa mshonaji humo humo klabuni. Yeye ndiye aliyeshona namba kwenye migongo ya vijana wote waliopita pale, wakiwemo waliokuja kuwa matajiri na kusahau njia ya kurudi. Mwaka wa mwisho alianza kulalamika. Alimwambia mumewe peke yake, chumbani, kwamba moyo unamruka, "kama mtu anayeshuka ngazi, akakanyaga pasipo na ngazi." Zahanati wakamwambia ni uchovu, wakampa vidonge vya maumivu. Akaomba ruhusa ofisini aende hospitali kubwa. Ofisi ikasema msimu unaanza, malizia kwanza jezi. Naye, kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza wakubwa, akasema, "Nitakwenda Jumatatu." Walimkuta Jumamosi ameinamia cherehani, na sindano imeshuka katikati ya namba saba. Klabu ikaleta barua ya rambirambi yenye muhuri, na aliyeleta barua akauliza kama cherehani inaweza kuchukuliwa siku hiyo hiyo.

Mzee Sabuni alikuwa ameishia darasa la nne. Mambo ya umeme na kompyuta hakuyajua. Lakini mashine yake ya kufulia aliijua, na alijua kwamba jezi ikitoka na doa, husemi mashine mbovu mpaka umefua nyingine humo humo ukaona.

Siku iliyofuata asubuhi, alichukua mkanda namba tisa, akaulowanisha vizuri, akampa kipa.

"Huu si ulikufa?" kipa aliuliza. Alikuwa jitu refu lenye sauti ya kitoto.

"Nimeutengeneza. Funga, acha maneno."

Halafu akamfunga Kiberiti mkanda mpya kabisa, uliotoka kwenye mfuko wake siku hiyo. Kisha akachukua fagio, akaenda kufagia pale pasipohitaji kufagiwa, nyuma ya kiti cha Mtaalamu. Mazoezi yalianza. Kipa aliruka, akaanguka, akaruka. Kiberiti alikimbia pembeni na mpira, akirudi mbio, akienda tena.

"Ajabu hii," Mtaalamu alisema peke yake. "Namba tisa imepona yenyewe. Inasoma kama saa ya ukutani." Akagonga kioo kwa kucha. "Na huu mpya nao umeshakufa! Mia mbili ishirini na sita... sitini... Aa, huyu mzee anavifanya nini vifaa vya watu?"

Fagio likamtoka mkononi.

"Bwana mdogo," alisema, "mkanda si mbovu. Ule mbovu wa jana amevaa kipa, unauona ni mzima. Huo mzima amevaa mwanangu, unauona ni mbovu. Sasa ubovu uko wapi?"

Mtaalamu akageuka. Kwa muda mfupi sana uso wake ulibadilika, na Mzee Sabuni akamwona ameelewa. Kisha akageuza kiti chake. "Mzee, mimi natuma ripoti. Mambo ya afya si kitengo changu. Nenda kwa Mkurugenzi."

Kwa Mkurugenzi alikwenda Alhamisi, akasubirishwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka watu walipokwenda kula. Alipoingia, hakuambiwa akae.

"Kijana wako alipimwa alipoingia," Mkurugenzi alisema, akifunua faili. "Hii hapa. Afya njema, sahihi, muhuri."

Mzee Sabuni aliikumbuka siku hiyo, kwa kuwa ndiye aliyepanga viti. Vijana arobaini walipita mbele ya meza moja kwa nusu saa. Muhuri ulichoka kuliko daktari.

"Bosi, naomba apimwe tena kabla ya Jumamosi. Moyo tu."

"Daktari wetu amesafiri." Daktari wao alikuwa amesafiri siku zote, isipokuwa siku za picha. "Na Jumamosi kocha wa timu ya wakubwa anakuja kumtazama kijana huyo huyo. Baba mzima unataka kumtilia mwanao mchanga kwenye chakula? Watu wangapi wanaililia nafasi hiyo?" Akafunga faili. "Hata udaktari umeanza? Nenda kafue."

Ijumaa jioni Kiberiti alikuwa jikoni anakaanga mayai, akipiga mluzi. Mzee Sabuni alisimama mlangoni, akiangalia ule mgongo. Ulikuwa mgongo wa mama yake, hata lile bega moja lililoshuka.

"Moyo wako ukoje?"

"Upo mahali pake, baba. Kwa nini, kuna mtu anauuliza bei?"

"Sitanii."

Kiberiti akapunguza moto. Akageuza mayai yaliyokuwa yameanza kuungua kingo.

"Wakati mwingine unaruka," alisema. "Nikikimbia sana. Kama unashuka ngazi, halafu unakanyaga, ngazi haipo."

Mzee Sabuni akashika fremu ya mlango. Maneno hayo mtoto hakuwahi kuyasikia. Yalisemwa chumbani, kwa kunong'ona, na aliyeyasema alikwenda nayo kaburini.

"Mwanangu, twende hospitali. Kesho asubuhi, kabla ya mechi."

"Ili wanione huko, waambie klabu, nitolewe? Baba, nina miaka kumi na minane. Mechi moja tu imebaki niitwe juu. Nikitolewa nitafanya nini? Nifue na wewe?" Alijuta alipokwisha kusema, akamgusa baba yake mkononi. "Jumatatu nitakwenda. Nakuapia. Jumatatu."

Usiku huo Mzee Sabuni hakupata usingizi. Alilala anasikiliza pumzi za mwanawe nyuma ya ukuta, kama mtu anavyosikiliza bomba linalovuja, akiomba livuje tu, lisinyamaze.

Jumamosi, mchezo ulipangwa kuanza saa tisa alasiri. Siku nyingine, saa saba jezi zingekuwa zimeshatundikwa, namba kwa namba. Siku hiyo Mzee Sabuni alizipasi zote, akazipanga sandukuni, akaingia chumba cha vifaa, akafunga kwa ufunguo na kukomea komeo kwa ndani. Akaacha wazi dirisha dogo tu, lile la kutolea vifaa. Kisha akakaa kwenye ndoo yake kusubiri.

Saa nane u nusu, kocha alikuja kupiga mlango. Halafu wachezaji, waliotoka kupasha misuli, wanahema.

"Mzee Sabuni, umelala humo?"

"Tutacheza vifua wazi!"

"Kipa mumpe pazia!"

Walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amefika, na suti yake ilikuwa imelowa makwapani.

"Fungua, wewe mzee! Kuna wageni jukwaani!"

"Sijakataa kufungua, bosi." Sauti ilimtoka nyembamba, akaichukia. "Leteni daktari ampime mwanangu. Akisema mzima, nafungua hapo hapo."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Daktari kwanza."

"Vunjeni huu mlango," alisema kocha. Lakini mlango ulikuwa wa chuma, tangu ule mwaka jezi zilipoibiwa, na ni wao wakubwa waliouagiza.

Kisha uso wa Kiberiti ukatokea dirishani. Ulikuwa unang'aa kwa jasho, midomo imepauka.

"Baba. Unaniaibisha mbele ya watu."

"Najua."

"Nilikwambia Jumatatu."

"Na mama yako aliniambia Jumatatu," alisema Mzee Sabuni.

Kiberiti akaushika ukingo wa dirisha. Nyuma yake refa alikuwa amefika, anatazama saa. "Dakika kumi na tano baada ya muda, naandika mmepoteza mchezo," alisema, bila ubaya, kama mtu anayetaja saa ya basi kuondoka. Na nyuma ya refa alikuja mwanamke mmoja wa makamo, mwenye begi jekundu begani, daktari wa timu ya wageni.

"Nimesikia mnatafuta daktari. Nani kaumia?"

"Hakuna, dada," Mkurugenzi alidakia haraka. "Ni mambo ya kifamilia tu."

"Dada yangu!" Mzee Sabuni alitoa mkono wote dirishani, mpaka begani, kama anayezama. "Nakuomba. Mshike mkono tu huyu kijana. Sitaki kingine. Mshike mkono."

Yule mwanamke alitazama ule mkono wa mzee, wenye ngozi iliyoliwa na sabuni. Labda ni huo uliomfanya asigeuke. Akashika kifundo cha mkono wa Kiberiti, akatazama saa yake.

"Enhe, na kwenu mnakaa wapi..." alianza kumwuliza, kwa lile tabasamu la kumtuliza mgonjwa. Hakumalizia. Akahamisha vidole kidogo. Akashika mkono wa pili. Akafungua begi, akatoa kipimo cha kusikilizia moyo, akakiweka kifuani pa Kiberiti.

Alisikiliza muda mrefu. Mzee Sabuni hakutazama kifua cha mwanawe. Alitazama uso wa yule mwanamke, na akaona rangi yake inavyohama.

"Kaa chini, mwanangu," alisema daktari. "Hapo hapo sakafuni. Polepole, usijibwage. Umepumzika tangu saa ngapi?"

"Muda mrefu tu. Robo saa."

"Robo saa." Akageukia dirisha. "Nani mwingine kwenu alikuwa na hali hii?"

"Mama yake."

"Yuko wapi?"

Mzee Sabuni akaonyesha kidole chini, ardhini. Daktari akatikisa kichwa taratibu, kisha akamwambia Mkurugenzi, "Huyu hachezi. Na hatembei. Leteni gari mpaka hapa mlangoni."

"Lakini kocha wa wakubwa yuko..."

"Gari, bwana!"

Komeo likavutwa. Mzee Sabuni alitoka na sanduku, na kwa kuwa hakujua mikono yake ifanye nini kingine, akazigawa jezi moja moja, kila mtu na namba yake. Walizipokea kwa mikono miwili. Kumi na moja, ya Kiberiti, ikabaki sandukuni. Mkurugenzi alisubiri ya mwisho itolewe, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ufunguo uuache ofisini."

"Ufunguo huo hapo mlangoni," alisema Mzee Sabuni, akampita.

Ndani ya gari daktari alikaa mbele, akiongea na hospitali kwa simu, haraka haraka, kwa maneno ambayo Mzee Sabuni hakuyajua. Alichojua ni kwamba alirudia neno moja mara tatu, na lilikuwa "sasa hivi". Kutoka uwanjani ikasikika filimbi ya kuanza mchezo. Kiberiti aliegemea, amegeuzia uso kioo, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Ningekwenda Jumatatu, baba," alisema.

Lakini mkono wake hakuuondoa. Aliuacha kwenye paja la baba yake, kiganja juu. Mzee Sabuni akaweka vidole pale alipoona daktari ameviweka, vidole vinene visivyozoea kitu chembamba namna hiyo, akatafuta, akapata. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Halafu pakawa kimya chini ya vidole, ngazi haipo, na barabara ilikuwa bado ndefu. Kisha ikaja. Akaanza tena kuhesabu.