Mdomo wa Dada

Waliokaa kwenye mabenchi walimtazama Dada kwa macho ya kumla mzima. Walikuwa pale tangu alfajiri, mashavu yamevimba, wengine wamejifunga vitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kama maiti. Yeye ndiyo kwanza anafika, na mlango wa daktari wa meno unafunguliwa kwa ajili yake.

"Mwenye nguvu mpishe," alisema bibi mmoja, bila kumtazama mtu.

Dada alitamani kumwambia, shikamoo bibi, hizi nguvu si zangu. Lakini Mama mwenye nyumba alishamshika mkono, anamvuta ndani.

Nyumba nzima ilimwita Dada, hata Mama mwenyewe, ingawa alimzidi Mama umri. Alipika, alifua, alilea. Jino lilipasuka juzi, mtoto mkubwa wa nyumba alipoupiga teke mlango wa jikoni akifuata soda, na Dada yuko nyuma ya mlango. Pole hakuipata. Walikumbuka kwamba ana jino pale tu alipoanza kuguna usiku, wenye nyumba wakakosa usingizi.

Daktari alikuwa kijana wa macho mapole. Alimwinamia, akasogeza taa.

"Ilikuwaje?"

"Aliuma mfupa," Mama alijibu. "Hawa mifupa hawaiachi."

Daktari aliendelea kumtazama Dada. Dada alitazama taa.

"Halijafa hili. Mzizi mzima kabisa. Nikilisafisha leo, akarudi mara mbili tatu, naliziba, anaendelea nalo."

"Arudi? Jioni nina wageni. Na kila akija huku, jikoni aingie nani? Ling'oe, yaishe."

"Ni la mbele, Mama. Na ana mwanya."

Mwanya ule ulitoka kwa mama yake, ukapita kwake, ukaenda kwa binti yake. Enzi zake vijana walimtania makusudi ili acheke tu, wauone.

"Naomba lizibwe," alisema.

Hakuwahi kuomba kitu mbele ya Mama, hata ruhusa ya kwenda kumzika kaka yake hakuiomba. Aliambiwa haiwezekani kabla hajafungua mdomo. Mama hakugeuka. Alifungua mkoba, akapekuapekua, akaufunga.

"Daktari, mume wangu anakusalimia. Lile suala la uhamisho wako liko mezani kwake. Mkeo bado anafundisha kule mbali?"

"Bado, Mama."

"Pole, baba. Ndoa ya simu si ndoa."

Daktari alikwenda kunawa mikono, ingawa alikuwa ameshanawa. Alikaa bombani muda mrefu. Aliporudi hakumtazama Dada usoni, alimtazama mdomo tu. Akamchoma sindano ya ganzi. Mama akaangalia saa yake, na daktari akachukua koleo.

"Bado nasikia," Dada alisema.

"Jikaze kidogo, dada yangu," alimnong'oneza, kwa sauti ya mtu anayeomba asamehewe.

Jino lilikataa. Lilikuwa na mzizi wa mtu aliyekua akitafuna miwa, limeshika taya kama mali yake. Daktari alilisukuma huku na huku, jasho likimtiririka shingoni, na Dada akausikia mfupa wake ukilia ndani ya kichwa. Alikamata mikono ya kiti. Hakupiga kelele, nje kulikuwa na watu wanaomwonea wivu. Mwishowe kitu kikakatika, mdomo ukajaa joto, na jino likadondoka kwenye beseni la bati.

"Ang'ate pamba," daktari alimwambia Mama. "Leo asifanye kazi. Asikaribie moto."

"Tumesikia," Mama alisema, akatangulia kutoka.

Jioni wageni walikula wakajilamba vidole. Mzee mmoja mwenye sauti nene akataka mpishi aitwe, apewe heko yake. Dada akaja, akasimama kando ya meza. Pamba mdomoni ilikuwa imelowa damu tangu vitunguu vilipokuwa vikikaangwa.

"Binti, chakula kimekolea. Nani alikufundisha?"

Dada alimtazama Mama.

"Ana haya huyu," Mama alisema, na wageni wakacheka kwa upole. "Ndivyo alivyo, hapendi kusema."

Mzee bado alikuwa akisubiri, anatabasamu. Dada aliinamisha kichwa, akaibana midomo, akameza. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe, na ni yeye ambaye angekifua.