Maziwa ya Mwosha Beringi

Kila siku ya kazi, pale kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga, Kamili alipewa chupa moja ya maziwa. Yeye ndiye aliyeosha beringi za mashine kwa dawa ya kuondoa grisi, na kiwandani kila mtu aliamini maziwa huua sumu yake. Lakini Kamili hakuyanywa. Aliyabeba hadi nyumbani Ngokolo, kwa mtoto wake Clemens.

Mkewe, Epifania, alikuwa mfagiaji hapohapo, na macho alikuwa nayo. Aliona ikifika saa sita mumewe anaanza kucheka peke yake kama mtu aliyetoka kilabuni, na jioni kichwa kinamgonga. Jumapili, mzima kabisa.

"Baba Clemens, kuanzia leo maziwa unakunywa mbele yangu."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana uji. Baba wa akiba hana."

Akayanywa wiki nzima. Na kwa kuwa sasa alijiona ana kinga, akaanza hata kufunga mlango na dirisha la stoo alimooshea, vumbi la pamba lisishike beringi.

Alhamisi, Epifania akifagia barazani, brashi iliyokuwa ikikwaruza mle stoo ikanyamaza. Akaita. Alipofungua mlango, harufu tamutamu ya dawa ikampiga usoni. Mumewe alikuwa chini, kando ya pipa la dawa.

Moyo ulitaka kuingia mbio, miguu ikakataa: kilichomwangusha Kamili kingemwangusha na yeye. Akaacha mlango wazi, akamwita fundi Mabula, wakasukuma dirisha kwa nje likafunguka. Wakavuta pumzi, wakaibana, wakaingia na kumburuta hadi kwenye upepo.

Msimamizi, Mzee Akida, akaja na chupa ya maziwa. "Mnyweshe, Mama Clemens. Upesi."

"Hajitambui, mzee. Yatampalia, kama mtoto anayelazimishwa uji."

Akamlaza ubavu, akamvua shati lililolowa dawa, akaweka kiganja kifuani pake. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikakawia, na Epifania naye akasahau kupumua. Kikapanda tena.

Kamili akakohoa. "Nani kanivua shati mbele za watu?"

"Mkeo," alisema Mabula. "Wala hukuwa na kifua cha kuficha."

Epifania akakaa vumbini, akalia na kucheka kwa pamoja.

Kwenye zahanati, nesi Mwamvua aliwasikiliza mpaka mwisho. "Maziwa yanakwenda tumboni. Hiyo dawa anaivuta puani. Wapi na wapi? Aoshee nje, upepo umpige mgongoni, mikono avae glavu. Akimaliza, pipa lifunikwe."

"Kumbe mimi ndiye niliyemponza," alisema Epifania.

"Wewe ndiye uliyemtoa. Nendeni nyumbani."

Jumatatu pipa likahamishiwa uani. Kamili akalalamika jua linamchoma.

"Likuchome," alisema Epifania, akaendelea kufagia. Mchana kutwa alimsikia akigombana na Mabula kuhusu kivuli, akiwa na akili zake zote.