Mlima Ulipoacha Kukoroma

Kazi yangu ilikuwa kuutazama mlima. Ndiyo, nililipwa kwa kutazama. Shemeji zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe hakucheka; aliuliza tu kama siku mlima ukihama nitatakiwa kuusindikiza.

Alikuja kukaa nasi kituoni wiki moja, ikawa mwezi. Kituo kilikuwa na vyumba viwili na kibaraza kilichoelekea mlimani. Kila baada ya saa mbili nilitoka na darubini, nikaandika: moshi wa kijivu, mwanga mwekundu mdomoni mwa volkano, ngurumo. Ngurumo hazikukosekana, na mama mkwe alizichukia kwa moyo wote.

"Mlima huu unakoroma kama marehemu baba mkwe wako," alisema. "Miaka thelathini na sita nimelala ubavuni mwa mlima, na uzeeni mmenitafutia mwingine!"

Usiku mmoja, mke wangu akiwa zamu hospitalini, moshi ukakatika. Ule mwanga mwekundu nao ukazimika. Juu ya mlima nyota zikajaa mpaka nikaona zinasukumana, kile kishada cha nyota kiitwacho Kilimia kimening'inia pale pale juu ya mdomo. Nilikuwa nimeisubiri picha hiyo miaka miwili. Ndani, mashine ya mitetemo ilichora mstari ulionyooka kama rula. Nikatega kamera huku napiga mluzi.

Mama mkwe akatoka, shuka begani. "Mbona kimya?"

"Umetulia, Mama. Hebu tazama nyota."

"Nyota nilizaliwa nikazikuta. Nauliza mlima."

Akakaa kwenye ngazi. "Marehemu akikoroma, nalala. Akikata ghafla, naamka nampiga kiwiko, maana mtu hanyamazi vile bure, pumzi imeziba." Akavuta shuka mabegani. "Usiku mmoja nilichoka, sikuamka."

Mluzi ukanifia mdomoni. Darasani nilifundishwa miaka minne kwamba mdomo wa volkano ukiziba, gesi hujikusanya chini mpaka itafute njia kwa nguvu. Nilifaulu mtihani huo vizuri sana. Na sasa napiga picha!

Nikampigia bosi.

"Mashine inasemaje?"

"Mashine shwari, lakini..."

"Basi na wewe kuwa shwari." Akakata.

Chini ya mteremko walilala wachimba kokoto kumi na mmoja. Nikampigia msimamizi wao.

"Mlima umenyamaza," nikasema.

"Kwa hiyo unaniamsha kunipa pole?"

Mama mkwe akaninyang'anya simu. Sitayarudia aliyomwambia, nitasema tu kwamba ukoo wa yule bwana uliguswa hadi kwa babu. Nusu saa baadaye wote walikuwa uani kwetu, wamejifunika mablanketi, wanatutukana kwa zamu.

Saa nane, kimya. Saa tisa, kimya. Saa kumi msimamizi akasimama. "Mtaalamu, mlima wako umelala. Sisi tunarudi kulala."

"Keti!" mama mkwe akamwambia. Akaketi.

Kabla jua halijachomoza, mlima ukapasuka. Sikusikia mlio kwanza. Niliona nyota zinafutika upande mmoja, kama mtu anavuta pazia jeusi, kisha madirisha yakamwagika sakafuni. Mawe mekundu yaliruka na kuangukia mteremko. Kulipopambazuka, mahema ya wachimbaji yalikuwa majivu, na lori lao limebonyezwa kama kopo. Kituoni aliumia mtu mmoja tu: mimi, nilijikata kidole nikiokoa kamera.

Msimamizi alilia waziwazi. Akataka kumpigia mama mkwe magoti, naye akamfukuza: "Inuka, unanijazia majivu kibarazani."

Bosi alifika mchana, mpole kama maji ya mtungini. Fomu yake ilikuwa na sehemu ya "kifaa kilichogundua dalili". Nikaandika "mama mkwe". Akafuta, akaandika "uchunguzi kwa macho". Nikafuta, nikarudisha langu. Tulivutana hivyo mpaka karatasi ikatoboka, na ikapelekwa makao makuu na tundu lake.

Mama mkwe hakuulizia fomu. Alikuwa amelala, mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kupita karibu na mlango wake na viatu.