Chungu Kilichopelekwa Bomani

Jumamosi hiyo ya soko, mchanga wa ufukwe wa Matema ukiwa bado na ubaridi wa asubuhi, Angetile alipanga vyungu vyake midomo chini, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Lameck, mkulima wa mpunga kutoka bondeni, alichagua kikubwa, akakigonga kwa kidole, akaridhika na mlio wake. Kisha akakijaza mpunga. Aliutikisa ushuke, akaongeza, hadi ukafika mdomoni. Angetile akaumimina mpunga kikapuni mwake, na Lameck akaondoka na chungu kitupu. Hiyo ndiyo bei Angetile aliyoikuta kwa bibi zake waliofinyanga kijijini Ikombe: chungu huuzwa kwa ujazo wake, na hakuna wa kumpunja mwenzake.

Kabla ya adhuhuri alifika askari wa boma na amri. Kuanzia siku hiyo chungu chochote, kikubwa kwa kidogo, ni kibaba kimoja cha mpunga. Mpunga wa ziada mkulima aupeleke kwenye ghala la boma, bei yake itatajwa baadaye. Atakayepimia chungu atachapwa viboko. Askari akawaonyesha kibaba chenyewe, cha bati, kinachoenea kiganjani.

Chungu kikubwa humla mfinyanzi wiki nzima, tangu kuchimba udongo hadi kuchoma. Kibaba hakiwatoshi watoto wanne hata jioni moja, na Angetile alikuwa na wanne.

Watu wa soko wakakutana: wafinyanzi, wakulima wa mpunga, na wavuvi, ambao walijua fika kwamba zamu yao inakuja. Zebedayo, mvuvi mwenye Kiswahili cha kuokotezaokoteza, alitumwa bomani kuwaombea nafasi ya kusema. Akarudi na jibu. Bwana Mkubwa, mkuu wa boma, atawasikiliza, ila kinywa kimoja tu.

Wote wakamgeukia Angetile. Hakuna aliyejua kupanga maneno kama yeye. Lakini mkalimani wa boma alikuwa baba mkwe wake, na mke wa Mnyakyusa hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani huingia porini, na jina lake halitamki. Nasi, kwa kumstahi binti wa watu, hatutalitamka.

"Basi nitaitia sauti yangu chunguni," alisema Angetile. "Mwende nayo ninyi."

"Na mwiko?" aliuliza Asajile, mumewe.

"Mwili wangu utakuwa hapa, baba Tuntufye. Mzee atakutana na chungu tu."

Wakalijadili jambo hilo kwa makini, wakaona halina kasoro.

Angetile alikaa nyuma ya nyumba, akaweka mdomo kwenye chungu, akasema. Angeweza kukitia nusu. Lakini hakuwahi kupokea chungu nusu wala kutoa nusu, na mikono ilimtuma kufanya kama sokoni: alikitikisa sauti ishuke, akaongeza, hadi ikafika mdomoni. Akafunika kwa jani la mgomba, akafunga kwa kamba. Alipotaka kuwaambia wachukuzi wasikitikise, hakikutoka kitu. Akawaonyesha kwa mkono.

Ilikuwa nzito, sauti hiyo. Wanaume walipokezana mlima mzima hadi bomani.

Barazani, Bwana Mkubwa alikuwa akivuliwa buti. Mkalimani alisimama kulia kwake, na karani wa pwani kushoto. Zebedayo akafungua kamba.

"Ndaga, tata," chungu kilisalimu, kwa Kinyakyusa safi. "Mimi Angetile. Chungu kina tumbo kama mtu. Mkilipima tumbo kwa kiganja, wanangu watakula..."

Mkalimani alikuwa ametumikia boma tangu lilipojengwa, na mizinga ilikuwa haijawahi kumkimbiza. Aliijua sauti ya mkwewe. Akajifunika shuka usoni, akashuka ngazi mbio, akatokomea migombani.

Chungu kikaendelea. Kilieleza habari za udongo, za kuni, za wakulima, za samaki. Kilisema vizuri hata Zebedayo akalia. Bwana Mkubwa alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, kisha akauliza ni nini kilichosemwa. Karani hakujua Kinyakyusa.

"Bwana, anasema kwamba..." alianza Zebedayo.

"Kinywa kimoja," karani alimkata. "Ndivyo mlivyoambiwa."

Malalamiko yakapokelewa. Bwana Mkubwa aliipenda sauti ile, akaamuru chungu kibaki barazani. Na kwa kuwa boma halichukui mali ya mtu bure, karani aliingia ghalani, akatoka na malipo yake halali: kibaba kimoja cha mpunga kifukoni.

Zebedayo alimkabidhi Angetile kile kifuko kwa mikono miwili, macho chini. Angetile akaumimina mpunga ndani ya chungu kilichochomwa pamoja na kile kilichokwenda. Haukufunika hata kitako. Alikaa akiutazama. Ilimuuma, na hakuwa na sauti ya kulilia. Watoto walipoanza kunung'unika, aliutwanga akawapikia.

Wapitao bomani husema chungu bado kinaongea kila asubuhi Bwana Mkubwa anapokunywa kahawa. Mkalimani sasa huingia kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi iliyofuata Angetile alipanga vyungu vyake, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Lameck alikuja na gunia la mpunga begani, akachagua kikubwa kuliko vyote, akakigonga kwa kidole. Askari alikuwa amesimama karibu. Lameck akapima kibaba kimoja, akakifuta juu kwa kiganja, akakimimina kikapuni.

Angetile alifungua kinywa kukataa. Lameck alisubiri kwa adabu, kisha akakibeba chungu.