Filta kwenye Kamba ya Nguo

Kabla hakujapambazuka nilisikia brashi ikisugua ndani ya beseni, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Nilijua ni Mayala, mjukuu wangu, na nilijua anafua nini. Siku hiyo fundi Nestory alikuwa anakuja kukagua trekta.

Duka lililotuuzia trekta, kule mjini, lina utaratibu wake. Fundi huja hapa kwetu Buswelu kwa siku zilizopangwa, humwaga oili ya zamani, huweka mpya na kukaza kilicholegea. Mara ya mwisho Nestory alichomoa filta ya hewa, akaigongagonga kwenye tairi, vumbi likatoka kama moshi. Hakusema neno baya. Lakini Mayala aliona aibu, kama mwenye nyumba aliyefikiwa na mgeni kabla ya kufagia. Tangu hapo kila Jumamosi aliifua filta ile kwa sabuni ya unga, akaianika katikati ya nguo zetu.

Jirani yetu Kashindye alikuwa akimtania. "Ukishaliogesha hilo trekta, lipake na mafuta, ngozi isipauke."

"Wewe ng'ombe wako huwaogeshi, ndiyo maana wanakukimbia," Mayala alimjibu, tukacheka wote.

Nilifurahi. Tangu mkewe, Precious, afariki, hakuwa amejibu utani wa mtu. Trekta lilinunuliwa kwa ng'ombe alioachiwa na marehemu baba yake, na ndilo lililokuwa likimtoa kitandani asubuhi.

Siku za karibuni likaanza kutoa moshi wa bluu na kuishiwa nguvu. Nilimwambia ampigie fundi.

"Bibi, fundi ana siku yake. Nikimwita kabla ataona nimeshindwa kulitunza."

Basi tukasubiri. Akaendelea kulima, maana mvua zilishaanza na watu walikuwa wanamngoja.

Nestory alifika kwa pikipiki, matope yamemfika magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Aliiona filta kwenye kamba kabla hajafika kwenye trekta. Akaishika, akaifungua mikunjo kwa kidole gumba. Karatasi yake ilikuwa imechanika kama mkate uliolowa. Akaingiza kidole kwenye bomba la hewa, kikatoka na vumbi. Akafunga filta nyingine kutoka kwenye begi lake, akawasha injini, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akaizima.

"Hii haifuliwi, Mayala," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yanaichana. Vumbi limekuwa likiingia mpaka ndani."

"Si umeweka mpya?"

"Nimeweka. Lakini injini imeshaliwa."

Mayala aliangalia chini. "Nilitaka ulikute safi."

"Najua. Nilipaswa kukuelekeza siku ile. Sikukuelekeza."

Akatueleza kwamba utaratibu wa duka ni wa kutunza injini iliyo nzima. Iliyokufa hivi haimo. Injini nyingine hatungeiweza, hilo nililijua bila kuuliza. Ng'ombe tuliowauza hawapo tena.

Kashindye akaja na jembe begani. "Haya, shamba langu unalima lini?"

Nestory alimwahi Mayala kujibu. "Limechoka, mzee. Limefanya kazi nyingi mno."

Hakumwambia zaidi ya hapo, na sitamsahau kwa hilo. Baadaye alinawa, akala ugali na sato niliyemwandalia mpaka sahani ikaisha, ingawa niliona hamu hana.

Mayala hakula. Aliichukua filta iliyochanika, akairudisha kwenye kamba na kuibana kwa kibanio, kana kwamba ikikauka kutabadilika kitu. Akakaa chini yake, mikono imelala mapajani, vile vile alivyokaa siku tuliyotoka kumzika mkewe.

Nestory alipofunga begi lake, Mayala akainuka.

"Sasa siku yetu nyingine ni lini?"

Fundi alitundika begi begani. "Dukani wataniondolea siku hiyo. Trekta lisilotembea halikaguliwi."

Mayala aliushika usukani wa pikipiki, hakuuachia.

"Hata kama hakuna trekta, kaka," alisema. "Ukipita huku, ingia. Njoo utuone tu."